Mwaka wa Mpira Usioonekana

Siku tuliyomzika shemeji yangu Ezekia, mtani wetu mmoja, Mhehe wa huko Mtera, aliruka ndani ya kaburi kabla jeneza halijashushwa, akalala chali na kukataa kutoka. "Huyu mmemzimaje?" akapaza sauti kutoka chini. "Mmefuata utaratibu, au mmechomoa waya tu? Fundi kompyuta hazikwi kabla hajazimwa vizuri, jamani, ataharibika!" Watu walicheka huku wanafuta machozi, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani, mpaka akaahidiwa kuku akatoka, suti yake nyekundu kwa udongo wa Dodoma. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa bado nimeshikwa na hasira ya maneno yaliyosomwa kanisani, kwamba marehemu alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuleta mfumo wa kompyuta wa Linux mji huu, na kwamba aliwafundisha wengi, "akianza na shemeji yake, Mama Neema." Kanisa zima likageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba, kumbe nauma meno. Alinifundisha? Ezekia? Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Haya, sitamsema vibaya. Nitaeleza alichofanya, ubaya utajisema wenyewe.

Mwaka ule wa Linux, mwanangu Neema alikuwa ananyonya bado, ameanza kusimama kwa kushika vitu, na kitu alichopenda kushika ni waya. Tulikuwa na chumba Makole, cha mbele, kinachotazama barabara. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao tu, na upande wa pili lilikuwa duka la Bi Mwajuma, mwenye nyumba wetu, wa zile familia za Waislamu wa mjini ambao babu zao walikuja na misafara wakabaki. Kwa hiyo chumba changu kilinukia vitunguu na udi wake, naye akasikia kila tusi langu. Nilikuwa na kompyuta tatu, mitumba ya Ulaya, za enzi ile milango ilipofunguliwa na kila kilichotupwa huko kikawa kipya kwetu. Zilikuwa na vioo vyenye matumbo makubwa kama vya televisheni, na kila kimoja nilikivika kitambaa cha kufuma, maana vumbi la hapa halibishi hodi. Tulizinunua kwa ajili ya kuchapa barua za watu. Watu hawakuja na barua. Waliokuja ni vijana wa sekondari, na walichotaka ni kimoja tu, gemu ya mpira wa miguu. Walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu, wanakula karanga, wanatukanana kistaarabu. Na mimi, msichana wa kidato cha nne ambaye cheti chake kilikuwa kimelala sandukuni, kwa mara ya kwanza nilikuwa na mlango ambao ufunguo wake uko kwenye upindo wa khanga yangu mwenyewe.

Mume wangu, Yona, alikuwa Mtera kwenye biashara ya samaki wakavu. Alikuwa anarudi akinukia moshi, anakaa siku chache, anaondoka. Yona si mtu mbaya, na bado tupo pamoja, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini alikuwa na wazo moja kichwani ambalo mama zetu wote wanalifahamu, kwamba mwanamke mwenye mtoto mchanga mahali pake ni kwa mama mkwe. Chumba changu alikivumilia kwa sababu kilikuwa kinaendesha mambo. Siku kikisimama, nakwenda Bahi. Na Bahi kwa mama mkwe maana yake ni jaruba la mpunga, maji ya magotini, na jioni kuketi kwenye kigoda ukisubiri mtu mwingine aamue kitakachopikwa. Nina heshima na kilimo, mimi ni Mgogo. Lakini nilikuwa nimeshaonja kuamka nikafungua mlango wangu.

Ezekia, mdogo wake Yona, alitoka Dar kwenye mafunzo ya kompyuta, akafikia kwetu kabla ya kurudi huko kutafuta kazi. Akala ugali wangu wa uwele na mlenda, akausifia, akashinda anazunguka mashine zangu kama daktari wa wodini. Ni kweli zilikuwa na virusi. Diski ya Windows mji huu ilikuwa kama moja tu, imenakiliwa ikanakiliwa tena, na kirusi chake kimenakiliwa nayo, ukipiga Windows leo wiki ijayo unapiga tena. Siku hiyo nikampeleka Neema kliniki kupima uzito. Niliporudi, Ezekia alikuwa kasimama mlangoni, anatabasamu kama bwana harusi.

"Shemeji, nimekuondolea virusi vyote."

"Umeviondoaje?"

"Nimefuta."

"Umefuta virusi?"

"Nimefuta kila kitu. Nimekuwekea Linux, shemeji. Ya bure, ya halali, haiugui. Wenzetu duniani huko ndiko wanakoelekea."

"Na gemu?"

Akakohoa. "Gemu ni ya Windows. Lakini kuna njia."

Kuna njia. Hayo maneno mawili nimeyabeba mpaka leo. Na hiyo Linux ilikuwa imeingia kwenye mashine moja tu, tena kwa kulegalega; nyingine mbili zilikuwa hali mbaya zaidi, maana kwa hizo alifuta kwanza kisha umeme ukakatika Linux ikiwa katikati ya kuingia. Kesho yake asubuhi akapanda basi la Dar, akaniachia diski kwenye bahasha na Mungu wangu.

Sasa ngoja niwaambie habari ya umeme, maana bila hiyo hamwezi kuelewa hasira yangu. Mwaka ule mvua iligoma, bwawa la Mtera likashuka, tukawekwa kwenye mgao. Maji yakipungua samaki wanabanana, wavuvi wanazoa, kwa hiyo Yona ananipigia simu kwa furaha: "Mama Neema, mwaka huu neema!" Wakati huohuo maji yaleyale yaliyomnenepesha yeye ndiyo yaliyoninyima mimi umeme. Nikianza kuweka Linux asubuhi, inasoma diski taratibu kama bibi anayetafuta miwani, inafika mahali pazuri, nasikia mjini kote "Aaaah!", giza kwenye kioo. Umeme ukirudi, mashine imesahau kila kitu, tunaanza upya. Siku nyingine umeme haukatiki, badala yake kioo kinakuwa cheusi chenyewe, kimeandika kwa herufi nyeupe maneno ambayo kamusi yangu ya shule haikuwahi kuyasikia. Siku nyingine inaingia vizuri mpaka mwisho, naizima kwa adabu, naiwasha, haijui kipanya ni nini. Kipanya kipo pale, mkia wake umechomekwa, nakitikisa mbele yake. Haikijui.

Nikawa nambipu Ezekia, anapiga.

"Soma ilichoandika, shemeji."

"Nimesoma."

"Imesemaje?"

"Imesema imeshindikana."

"Basi soma tena, polepole. Linux inakuambia kosa lako."

Kosa langu! Upande wa pili wa mbao nikamsikia Bi Mwajuma anamwambia mteja, "Huyo anaongea na mashine. Akianza kujibiwa tumpeleke Mirembe kwa vichaa." Na mteja akauliza kama Mirembe wanapokea na kompyuta.

Mashine moja ilikubali hatimaye. Sijui kwa nini, mpaka leo sijui. Nilifanya yaleyale niliyoyafanya jana yake ikakataa. Ikawaka, ikapiga ngoma kidogo, ikaonyesha picha ya rangi ya udongo. Nikamwita Bi Mwajuma aje aone. Akaja na kisu chake cha vitunguu, akatazama. "Nzuri," akasema. "Sasa inafanya nini?" Haikuwa inafanya chochote. Vijana walichungulia mlangoni, wakaona hakuna mpira, wakaenda kwa kinyozi wa ng'ambo aliyekuwa na televisheni. Benchi langu likabaki na kuku.

Ile njia ya Ezekia ilikuwa programu ya kuidanganya gemu ya Windows ijione iko nyumbani. Inaitwa Wine. Sisi watu wa zabibu mvinyo tunaujua, lakini huo haukumlevya mtu ila mimi. Haikuwemo kwenye diski. Ilitakiwa itolewe kwenye mtandao, na mtandao ulikuwa kituo cha mabasi, kwenye kibanda cha kijana mmoja waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Nikaenda na flashi, nikaichukua, nikarudi na Neema mgongoni kwenye jua lile, nikachomeka. Mashine ikasema haiwezi kuipokea mpaka apatikane ndugu yake fulani, yaani programu nyingine. Nikarudi kwa Profesa, nikamleta huyo ndugu. Mashine ikasema huyo naye hapokelewi bila shangazi yake. Nikamleta shangazi. Shangazi ana wifi. Nilikwenda na kurudi mpaka wanaouza maji njiani wakawa wananijua kwa jina la mtoto. Siku moja, wifi yule alipotaja mtu mwingine tena, nilipiga meza nikatamka neno ambalo mama anayenyonyesha hapaswi kulitamka.

"Mama Neema!" Bi Mwajuma akaita kupitia mbao. "Nini tena?"

Nikamweleza, kwa hasira, jinsi mashine inavyodai ndugu mmoja baada ya mwingine.

Akaanza kucheka. "Kwani unaposa? Hao ni wajomba wa mahari! Leo mjomba huyu anataka blanketi, ukileta, kesho anatokea mjomba mwingine ametoka Kondoa. Kaka yangu walimfanyia hivyohivyo. Mshenga amekwenda mpaka viatu vimeisha."

"Mkafanyaje?"

"Tukaacha kumtuma mshenga. Tukamchukua bwana harusi mwenyewe, tukamkalisha sebuleni kwao. Anakula kwao, ananywa chai kwao. Wajomba wakawa wanamaliziana naye hapohapo. Mtu ukishamwona kwenye kochi lako kila siku, unaishiwa madai."

Niliitazama ile mashine. Nilikuwa kweli ninamtuma mshenga. Flashi ndiyo ilikuwa mshenga wangu, masikini, inapelekwa na kurudishwa. Nikachomoa nyaya zote, nikalifungia boksi la mashine mgongoni kwa khanga, mbeleko kabisa, nikampakata Neema mbele, nikatoka. Lile boksi lilikuwa zito kuliko mtoto wa darasa la pili na lina pembe. Wanawake wa sokoni walisimamisha mizani. Kisha mmoja akasema, "Hongera, dada. Pacha?" Mwingine akajibu kwa niaba yangu, "Huyo wa nyuma kafanana na baba."

Profesa alipotuona akasimama mlangoni na kunyoosha mikono. "Dada yangu, samahani. Hapa watu wanakuja na macho, hawaji na kompyuta. Siwezi kuchomeka kitu kigeni kwenye laini yangu. Kikinifia je?"

"Hakitakufia."

"Haiwezekani, dada."

Sikubishana. Niliingia, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na meza yake, nikashusha boksi miguuni, nikamtoa Neema, nikaanza kumnyonyesha. Mjini kwetu unaweza kumfukuza mlevi, mdaiwa, hata mchungaji, lakini mama aliyempa mtoto ziwa huyo haguswi. Neema, Mungu ambariki, alikuwa mtoto wa kunyonya kwa raha zake, anaacha, anatazama dari, anarudi. Wateja waliingia, wakaona, wakasalimia kwa heshima wakitazama pembeni. Mzee mmoja akauliza, "Huyu binti anasubiri nini?" Nikasema, "Namsubiri huyu kijana anisaidie, shikamoo." Mzee akamtazama Profesa. Akaendelea kumtazama. Profesa akavua miwani, akaifuta, akainama akachukua waya.

Ikapita sehemu kubwa ya siku. Na Bi Mwajuma alikuwa sahihi: mashine ilipounganishwa yenyewe, ilianza kuwaita hao ndugu zake wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuniuliza mimi habari za mtu. Maandishi yalishuka kwenye kioo kama mvua ambayo mwaka ule hatukuipata. Profesa mwenyewe alisogeza kiti akatazama. "Kumbe inajitafutia," akasema. Nikamwambia, "Ndiyo. Na mimi sasa najitafutia chai."

Nikapachika gemu nyumbani kesho yake. Ikafunguka. Uwanja ukatokea, kijani. Ninyi mnaokaa Dodoma wakati wa kiangazi mnajua kijani ni kitu gani. Wachezaji wakaingia. Filimbi ikalia. Nikapiga vigelegele, Bi Mwajuma akapokea bila kujua sababu, vijana wakaacha kinyozi wakaja wanakimbia. Wakakaa, wakaanza kucheza. Kisha mmoja akasema kwa upole, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba, "Mama Neema, mpira hauonekani."

Haukuwepo. Wachezaji wanakimbia, wanapiga mashuti, kipa anaruka, anaanguka, anainuka na kukumbatia hewa. Mpira hakuna. Nikazima nikawasha. Nikabadilisha kila kilichobadilika. Niliupata uwanja usio na nyasi, nikapata wachezaji wasio na vichwa, mara moja nikampata mwamuzi peke yake. Mpira sikuupata. Nikambipu Ezekia, akapiga, nikamweleza, akasema, na namnukuu marehemu neno kwa neno, "Lakini mengine yote yanaonekana, sivyo?" Nilikata simu nikaiweka chini ya mto.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na Yona alikuwa ameshasema: shule zikifunguliwa chumba hakijaanza kuingiza pesa, tunafunga. Akaja kutoka Mtera siku moja na mama yake aliyepanda treni kutoka Bahi, kaja na kiroba cha mchele na mkeka wa kulalia, nami nikajua ametumwa kunichukua. Nilikuwa sijafunga virago. Niliwapokea hivyohivyo. "Mbukwa, mama," nikampigia magoti mama mkwe, nikamkalisha kwenye benchi, kwa sababu chumba hakikuwa na kiti kingine, katikati ya vijana. Vijana hawakuwa wameondoka, hilo ndilo jambo ambalo sikulielewa hata mimi. Walikuwa wanacheza tu. Wanapiga kelele, wanasukumana, "Toa pasi! Toa pasi! Mchoyo wewe!"

Mama mkwe akatazama kioo kwa muda mrefu. "Hawa wanakimbilia nini?"

"Mpira, bibi," kijana mmoja akamjibu.

"Uko wapi?"

"Hauonekani."

"Sasa mnajuaje aliyefunga?"

"Tunaona anayeshangilia, bibi."

Yule mama akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Basi ni kama kilimo chetu," akasema. "Watu tunalima, tunapanda, tunapalilia, na mvua yenyewe hakuna aliyeiona."

Yona hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na samaki wake. "Mama, hii siyo kazi. Gemu ya mpira haina mpira. Mama Neema amejitahidi, nimeona, lakini tufunge. Aende akapumzike Bahi."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kistaarabu, yakakimbia yote. "Bahi siendi," nikasema. "Nitakuja kuvuna kama mgeni, nitakula wali, nitarudi kwangu. Hawa wamekaa foleni kucheza kitu ambacho hakipo. Kikiwepo je? Samaki wako wapo, wanaonekana, wananuka mpaka barabarani. Nani amewapangia foleni?"

Upande wa pili wa mbao, kisu cha vitunguu kilisimama. Sijawahi kusema vile mbele ya mama mkwe, na nilijua kwamba kama atakunja uso, nimekwisha.

Hakunitazama. Alimtazama mwanawe. "Yona. Nani alikwambia ninataka mtu nyumbani kwangu?"

"Mama, si nilisema akusaidie..."

"Ulisema. Sikuomba. Nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja kina mpunga. Unaniletea mwanamke mwenye hasira hivi nimweke juu ya magunia?" Akavuta mkeka wake, akautandika pale sakafuni karibu na nyaya, akamchukua Neema akamweka juu yake. "Mimi nimekuja kukaa siku mbili nimwone mjukuu. Wewe nenda kaoge."

Yona akaenda kuoga. Hatukulizungumzia tena jambo la Bahi, si siku ile wala baadaye; katika ndoa nyingi mambo makubwa huisha hivyo, mtu anaoga. Jioni tulikula wali wa Bahi na samaki wa Mtera kwa mboga ya kwa Bi Mwajuma, na mama mkwe akasimulia kwa kila aliyepita kwamba mkwewe ana wanaume wadogo wanaokimbiza upepo.

Mpira niliupata baada ya shule kufunguliwa, mchana mmoja mtulivu, peke yangu. Kulikuwa na mahali pa kuchagua jinsi vivuli vinavyochorwa, nikavikataza vivuli, na ukatokea pale katikati ya uwanja, mweupe, mdogo, kama yai. Nilikaa nikautazama tu, sikuugusa. Nikafikiri kumpigia Ezekia, nikaona hastahili. Jioni vijana walipotoka shule niliwaita kwa fahari, nikasimama nyuma yao nimeweka mikono kiunoni. Walicheza kidogo. Wakaanza kufungana kirahisi, wakaanza kupiga miayo. Mwisho mmoja akageuka, kwa ile adabu yao ya kuleta msiba.

"Samahani, Mama Neema. Unaweza kuturudishia ile ya bila mpira?"